Matendo Saba ya Huruma Katika Kichochoro Kimoja



Mwezi huu somo letu latoka katika picha. Lakini kabla ya kuendelea, yafaa kila msomaji achukue Biblia yake na kusoma Mathayo 25:31–46 polepole, hata kama habari ile anaijua kwa moyo. Akiisha kusoma, na arudi hapa. Wale watakaosoma pamoja, kama vile akina mama, vijana, au majirani wanaokutana nyumbani kwa sala, watakuta maswali machache mwishoni.

Picha yenyewe iko mjini Napoli, kusini mwa Italia, juu ya altare kubwa ya kanisa la chama kiitwacho Pio Monte della Misericordia. Aliyeichora ni Michelangelo Merisi, ambaye watu humwita Caravaggio kwa jina la mji alikokulia. Ilikuwa tayari mwanzoni mwa mwaka 1607. Ni picha ya rangi za mafuta juu ya kitambaa, kimo chake karibu mita 4 na upana wake zaidi kidogo ya mita 2 na nusu, hata watu walio mbele wanaonekana wakubwa kama sisi wenyewe. Inaitwa Matendo Saba ya Huruma. Wataalamu wa sanaa huihesabu katika mtindo wa Baroki, ulioanza Italia karibu na mwaka 1600 na kuenea Ulaya katika karne ya 17. Caravaggio alijulikana hasa kwa mwanga mkali unaoangukia giza zito, na kwa kuchora watakatifu wenye nyuso za watu wa sokoni.

MATENDO SABA NI YAPI?

Katika sura ile ya Mathayo, Bwana wetu anataja mambo sita: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi, kumwangalia mgonjwa, na kumwendea aliye gerezani. Kanisa la zamani liliongeza la saba, kuwazika wafu, likifuata mfano wa Tobiti, mzee aliyezika maiti za ndugu zake waliouawa na kutupwa nje ya ukuta wa mji, ingawa kwa kufanya hivyo alihatarisha maisha yake (Tobiti 1:16–20). Kitabu cha Tobiti kimo katika Apokrifa. Zile Kanuni 39 za Dini za Kanisa la Uingereza, katika kanuni ya 6, zasema kwamba vitabu hivyo husomwa kwa mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo mwema, bila kuvitumia kuthibitishia imani. Basi, tusione shida kumfuata Tobiti hapa. Mwenendo wake ni mwema.

Wachoraji wengi waliochora matendo haya waliyatenga. Kwa mfano, mwaka 1504 mchoraji mmoja wa Uholanzi alichora mbao saba kwa ajili ya kanisa la mji wa Alkmaar. Kila ubao una tendo moja. Kuna mahali pa mkate, mahali pa maji, mahali pa wagonjwa. Mtu atazamaye huenda hatua kwa hatua, kama asomaye orodha. Caravaggio hakufanya hivyo. Yeye aliyaweka matendo yote saba mahali pamoja, saa moja, usiku, katika kichochoro kimoja chembamba. Baadaye tutaona jambo hili linatufundisha nini.

NAPOLI NA WALE VIJANA SABA

Siku zile Napoli ulitawaliwa na mfalme wa Uhispania, nao ulikuwa mmojawapo wa miji mikubwa kabisa ya Ulaya, wenye watu zaidi ya robo milioni. Wengi walikuwa wametoka mashamba kuja kutafuta riziki. Nyumba zilipandishwa ghorofa juu ya ghorofa, na njia zilikuwa nyembamba kiasi cha jua kukosa kufika chini. Matajiri na maskini walipishana katika njia zilezile.

Katika mji huo palikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa waliodhaniwa kwamba hawawezi kupona, iliyoanzishwa mwaka 1522 na mama mmoja mjane, Maria Longo. Karibu na mwaka 1602, vijana saba wa jamaa za kitajiri walianza kukutana huko kila Ijumaa, wakiwapelekea wagonjwa chakula na kuwahudumia kwa mikono yao wenyewe. Yafaa tulikumbuke neno hilo, kwa mikono yao wenyewe. Watu wa cheo chao walikuwa na watumishi wa kutosha, na wangeweza kutuma vyungu vya chakula wakabaki nyumbani.

Kutokana na Ijumaa zile walianzisha chama. Neno monte kwa Kiitaliano maana yake ni mlima, na hapa maana yake ni mfuko wa pamoja, fedha zilizochangwa zikarundikwa kama kilima. Pio Monte della Misericordia ni kusema, mfuko mtakatifu wa huruma. Mwaka 1604 chama kilikwisha kuanzisha mahali pa kuwatibu wagonjwa maskini kwa maji ya moto ya ardhini huko Casamicciola, katika kisiwa cha Ischia kilicho karibu na Napoli. Wakajenga na kanisa dogo karibu na Kanisa Kuu la mji, nao wakataka picha ya kuweka juu ya altare yake.

MCHORAJI WALIYEMPA KAZI

Hapo ndipo habari yetu inapokuwa ngumu. Tarehe 28 Mei 1606, mjini Roma, Caravaggio alipigana kwa panga na mtu aitwaye Ranuccio Tomassoni, akamwua. Akakimbia. Nyuma yake ikatangazwa hukumu ya kifo. Alijificha kwanza katika mashamba ya jamaa ya Colonna nje ya Roma, kisha akashuka Napoli, ambako hukumu ya Roma haikuwa na nguvu. Alipofika alikuwa na umri wa miaka 35, mgeni, mkimbizi, mwuaji anayetafutwa.

Wale wakuu wa chama hawakuwa wajinga. Jina lake lilijulikana Italia yote, kwa uchoraji na kwa ugomvi pia. Hata hivyo walimpa kazi ya picha ya altare yao, wakamlipa dukati 400, ambazo zilikuwa fedha nyingi. Mapema Januari 1607 malipo yalikamilika.

Msomaji aweza kuuliza: Je, yafaa kanisa kumpa mtu kama huyo kazi takatifu? Ni swali zuri, wala tusilipite haraka. Tomassoni alikuwa mtu halisi, na damu yake ilimwagika kweli. Uzuri wa picha hauwezi kuifuta. Tushike swali hilo mkononi huku tukiitazama picha.

TUITAZAME PICHA

Fikiri umesimama mbele ya altare. Tutaanza upande wa kuume.

Upande wa kuume ni ukuta wa gereza, wenye dirisha la nondo. Mzee mwenye ndevu ametoa kichwa chake kati ya nondo, na nje amesimama mwanamke kijana anayemnyonyesha. Huenda msomaji akashtuka. Watu wa siku zile waliijua habari hii, kwa sababu ilisimuliwa na mwandishi wa Kirumi, Valerius Maximus, katika karne ya kwanza. Mzee Cimon alihukumiwa kufa kwa njaa gerezani. Binti yake, Pero, alikuwa na mtoto mchanga, naye akawa anakwenda kumwona baba yake na kumlisha kwa maziwa yake mwenyewe. Hakuwa na chakula kingine cha kumpa. Ndani ya tendo hili moja mchoraji ameweka mawili: kumlisha mwenye njaa na kumwendea mfungwa.

Mtazame Pero vizuri. Uso wake ameugeuzia kando, kama mtu aliyesikia kitu nyuma yake na anaogopa kuonekana. Ana haya, ana hofu, na hata hivyo haondoki. Katika ndevu za mzee limebaki tone moja la maziwa. Mchoraji angeweza kuliacha tone hilo na picha isipungue kitu machoni pa wengi. Lakini mtu aliyemlisha mgonjwa kwa kijiko anajua kwamba kulisha hakukamiliki bila kumwagika kidogo.

Nyuma ya Pero, pale ukuta unapopinda, zinatokeza nyayo mbili za maiti. Hatuoni uso wala mwili wake. Tunaona nyayo tu, na mtu aliyembeba, na mhudumu wa kanisa mwenye vazi jeupe la ibada akishika mwenge huku kinywa chake kimefunguka kwa sala. Mwenge wake ndio taa pekee inayoonekana katika kichochoro chote. Marehemu huyu hana jina, wala hatuoni jamaa wanaomlilia. Lakini anazikwa, na taa inamtangulia.

Sasa twende upande wa kushoto. Kijana aliyevaa kofia yenye manyoya ya ndege, tajiri bila shaka, ameshika upanga na anagawanya joho lake. Huyu anatukumbusha Mtakatifu Martin, ambaye sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba. Martin alikuwa askari wa Kirumi katika karne ya 4. Husimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, alimkuta maskini aliye uchi, akakata joho lake kwa upanga akampa nusu. Usiku ule akamwona Kristo katika ndoto, amevaa nusu ile. Katika picha yetu, yule aliye uchi ameketi chini na kutupa mgongo, na mwanga mwingi umeangukia mgongo huo. Karibu naye, katika pembe ya chini kabisa, yuko mwingine, mgonjwa asiyejiweza, ambaye giza limemfunika karibu wote. Wengi huitazama picha hii na kuondoka bila kumwona. Wagonjwa wetu ndivyo walivyo mara nyingi. Aliye uchi yuko barabarani na macho yetu yatamkuta, lakini mgonjwa yuko ndani, asipotafutwa haonekani.

Nyuma yao yuko mwenye nyumba ya wageni, mtu mnene, anayeonyesha kwa mkono mahali pa kulala. Mbele yake ni msafiri mwenye gamba la kombe katika kofia. Gamba hilo lilikuwa alama ya watu waliokwenda kuhiji Santiago de Compostela, huko Uhispania. Mgeni anakaribishwa.

Limebaki tendo moja, kumnywesha mwenye kiu. Nyuma kabisa mtu mwenye nguvu ameinua taya la punda juu ya kinywa chake, na maji yanamwingia kinywani. Huyu ni Samsoni. Msome katika Waamuzi 15:14–19. Alikuwa amewaua Wafilisti elfu kwa taya la punda, kisha akashikwa na kiu hata akakaribia kufa, akamlilia Mungu, na Mungu akamtolea maji mahali paitwapo Lehi. Jina Lehi maana yake ni taya, na kwa hiyo tafsiri za zamani zilisema maji yalitoka katika taya lenyewe. Mchoraji amefuata tafsiri hizo.

Juu ya kichochoro chote, kama katika dirisha la ghorofa, wanatokeza Mariamu na Mtoto Yesu, wakitazama chini. Mbele yao malaika wawili wameshikana, mabawa yao yamefunguka, na mmoja amenyosha mkono wake chini kuelekea watu. Sisi Waanglikana hatumwombi Mariamu kama wafanyavyo Wakristo wa Napoli, lakini tusiache kuona kwamba amemleta Mwanawe kwenye dirisha ili atazame njia ya maskini.

MAFUNDISHO YETU

La kwanza, matendo yote yako katika njia moja. Sisi twapenda kuyagawanya. Twasema kwamba kuwatembelea wagonjwa ni kazi ya akina mama, gerezani ni kazi ya kasisi, mazishi ni kazi ya wazee, na fedha za maskini ziko kwa mweka hazina. Mpango ni mzuri, na chama kile cha Napoli nacho kilikuwa na mipango na hesabu zake. Lakini hatari yake ni kwamba kila mtu hujifunza kusema, "Hilo si langu." Katika kichochoro cha Caravaggio shida hazingojei zamu. Maiti inapita nyuma ya mwenye njaa, na mgonjwa ameketi miguuni pa mgeni. Ukitoka nje ya mlango wako, utakutana nazo zote pamoja, nawe utalazimika kuanza na iliyo karibu zaidi na mkono wako. Kila mmoja katika picha hii anafanya tendo lake tu. Hakuna afanyaye yote saba. Wala hakuna asimamaye kando akingoja apate nafasi nzuri zaidi.

La pili, hakuna dalili kwamba yeyote pale chini anatambua nani anamtazama. Pero anatazama kando. Mwenye nyumba anamtazama mgeni wake. Mhudumu ana mwenge na maiti yake. Kristo yuko juu yao, karibu kiasi cha bawa la malaika, nao hawajui. Hili ndilo hasa lililomo katika Mathayo 25. Wale wa mkono wa kuume wanashangaa sawasawa na wale wa kushoto. Wote wawili wanamwuliza Mfalme ni lini walipomwona. Hakuna aliyemtambua. Tofauti yao haikuwa katika macho, ilikuwa katika mikono. Wengine walimlisha mtu mwenye njaa kwa sababu alikuwa na njaa, na wengine wakampita.

Basi tusingoje kusikia moyo ukiwaka ndipo tuende hospitali. Wengine huona uchungu kwa kuwa walimtembelea mgonjwa wakaona harufu na uchovu tu, wala hawakusikia uwepo wa Bwana. Wasihuzunike. Pero naye hakusikia kitu zaidi ya hofu. Bwana hakusema kwamba tutamwona. Alisema kwamba tulimtendea yeye.

La tatu, na hapa twarudi kwa swali letu la mchoraji. Tazama tena vitu viwili: upanga na taya la punda. Vyote viwili ni silaha za kuulia. Katika picha hii upanga unakata nguo ili maskini apate nusu, na taya lililoua watu elfu limekuwa kikombe cha maji. Tena aliyechora ni mtu ambaye miezi michache tu kabla yake aliua mtu kwa upanga. Mkono uleule ulioshika upanga wa Roma ndio ulioshika brashi ya Napoli. Yeyote asemaye kwamba huruma ni kazi ya watu safi, na aitazame picha hii.

Wala tusisahau kwamba ni Samsoni peke yake ambaye katika Maandiko hakupewa na mwanadamu. Pero alimpa baba yake, Martin alimpa maskini, mwenye nyumba alimpa msafiri. Lakini aliyempa Samsoni maji ni Mungu mwenyewe, naye alimpa akiwa na damu mikononi. Kabla ya sisi kumnywesha mwingine, twakumbushwa kwamba tulikwisha kunyweshwa.

Hii haina maana kwamba kosa la Caravaggio lilikuwa dogo. Maisha yake yaliendelea kuwa ya misukosuko. Alikwenda Malta, akapewa heshima ya kuwa askari wa shirika la Mtakatifu Yohana mwaka 1608, na kabla mwaka huo haujaisha akafungwa, akatoroka, akafukuzwa katika shirika. Mwaka 1609, huko Napoli, alishambuliwa na kujeruhiwa vibaya usoni. Alikufa Julai 1610 huko Porto Ercole, akiwa njiani kurudi Roma kwa matumaini ya kusamehewa. Umri wake ulikuwa miaka 38. Hatuna ruhusa ya kumfanya mtakatifu. Lakini wale wakuu wa Napoli walipompa kazi walikuwa, wao nao, wanafanya tendo mojawapo katika yale saba. Walimpokea mgeni. Tena katika Mathayo 25 Bwana hakusema mfungwa asiye na hatia. Alisema mfungwa. Hakusema mgeni mwenye barua ya sifa njema. Alisema mgeni. Sisi huanza kwa kuuliza kama mtu anastahili, na mara nyingi swali hilo huwa kufuli ya mlango. Ni kweli fedha za kanisa zataka uangalifu, na waongo wapo. Lakini uangalifu ni kitu kimoja, na kutafuta sababu ya kutotoa ni kitu kingine. Kila mtu aujua moyo wake.

JE, HUU NI UFUNGUO WA MBINGUNI?

Msomaji mwangalifu atauliza: Je, wale vijana saba hawakuwa wakijinunulia mbingu? Kanuni zetu 39, ambazo zilikamilishwa mwaka 1571, mwaka uleule aliozaliwa Caravaggio, zatupa jibu katika kanuni ya 12. Zinasema kwamba matendo mema ni matunda ya imani, hayawezi kuziondoa dhambi zetu, lakini yanampendeza Mungu katika Kristo, na kwa hayo imani iliyo hai hujulikana, kama mti ujulikanavyo kwa matunda. Basi, matendo si bei ya mbingu. Lakini mti usiozaa miaka kumi, mwenye shamba hana budi kuuliza kama bado u hai. Soma tena Yakobo 2:14–17 uone jinsi anavyomkemea yule amwambiaye ndugu aliye uchi aende zake akaote moto, asimpe kitu.

Katika picha, mkono wa malaika unashuka kutoka juu. Haukushuka baada ya matendo kumalizika ili kutoa tuzo. Umenyoshwa wakati matendo yanaendelea. Neema haiji nyuma ya huruma kama mshahara. Iko juu yake wakati wote, kama mwanga.

PICHA ILIPOISHIA

Picha hii haikuishia popote, bado iko kwao. Ilipata sifa upesi, na watu wakubwa wakaitamani. Mwaka 1613 wakuu wa chama wakaamua kwamba haitauzwa kwa bei yoyote. Mwaka 1656 tauni iliua karibu nusu ya watu wa Napoli. Baada ya hapo kanisa lilijengwa upya, kubwa zaidi, lenye pembe nane na altare saba, na picha ikawekwa juu ya altare kubwa, ambapo iko mpaka leo, kando ya njia iitwayo Via dei Tribunali. Jengo lao la Casamicciola liliharibiwa na tetemeko la ardhi la Julai 1883. Lakini chama kipo, na kingali kinasaidia maskini wa mji ule, zaidi ya miaka 400 tangu Ijumaa zile za kwanza.

Tungesema labda kwamba picha ndiyo iliyokihifadhi chama. Lakini kumbuka mpango ulivyokuwa: chakula cha wagonjwa kilitangulia, picha ikafuata. Kama wangekuwa na picha bila Ijumaa, leo wangekuwa na jumba la makumbusho tu. Nasi tuna misalaba mizuri ukutani, vitambaa vya altare vilivyoshonwa kwa upendo, na nyimbo tunazoziimba vizuri. Vyote hivi ni vyema. Vinangojea Ijumaa yetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Yahesabu matendo saba. Katika parishi yetu, ni lipi linalofanyika vizuri, na ni lipi ambalo hakuna alifanyaye?

2. Mgonjwa katika picha karibu haonekani kwa giza. Ni nani katika njia yetu ambaye hatumwoni? Tajeni nyumba, si majina ya magonjwa.

3. Pero alimsaidia baba yake huku akiona haya na hofu. Ni msaada gani tunaouacha kwa sababu ya haya au maneno ya watu?

4. Mtu aliyetoka gerezani akija kanisani kwetu Jumapili, ataketi wapi? Nani atakuwa wa kwanza kumsalimu? Je, tungempa kazi?

5. Wale vijana walikuwa saba tu, na siku yao ilikuwa moja katika juma. Je, sisi tunaosoma hapa ni wangapi, na siku yetu ni ipi?

Baada ya majadiliano, kikundi kichague tendo moja tu, dogo, la kufanya kabla ya kukutana tena, na mtu mmoja aliandike katika daftari pamoja na tarehe. Mkutano ujao uanze kwa kulisoma daftari hilo, ndipo sala ifuate.